Kumpunguza uzito mbwa au paka: anza na mizani ya jikoni

"Mpunguzie chakula kidogo, mtembeze zaidi." Wenye mbwa na paka wanene huambiwa hivyo kila mara, na mara nyingi ushauri huo haumsaidii mnyama. Kidogo ni kiasi gani? Apungue hadi afike wapi? Pasipo tarakimu tatu, yaani uzito wa sasa, uzito unaolengwa na gramu za chakula kwa siku, hapo hakuna tiba. Tarakimu hizo unaweza kuzipata mwenyewe nyumbani, kisha ukampelekea daktari wa mifugo azikague kabla hujaanza.

Unene wa wastani tu unatosha kumpunguzia mnyama maisha. Mwaka 1987 watafiti wa Purina nchini Marekani walianza kufuatilia mbwa 48 aina ya Labrador, wakawafuata hadi walipokufa. Waliwapanga wawili wawili. Mmoja alipewa robo tatu tu ya chakula alichokula mwenzake. Matokeo yalichapishwa 2002. Nusu ya waliokula pungufu walivuka miaka 13, ilhali katika kundi la pili nusu walikuwa wamekwisha kufa kufikia miaka 11.2. Hao waliokufa mapema hawakuwa mbwa wa kutisha kwa unene. Kwenye kipimo cha unene cha alama 1 (amekonda mno) hadi 9 (amenenepa mno) wastani wao ulikuwa 6.7, yaani mbwa ambaye watu wengi wangemwita "mwenye afya nzuri". Kwangu mimi huo ndio uzito wa utafiti ule.

Sababu mojawapo ni kwamba mafuta ya mwilini si akiba iliyolala tu. Hutoa homoni kama leptini pamoja na kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani usiokoma. Ndiyo maana maumivu ya viungo vya mbwa mnene hayatokani na mzigo peke yake, na ndiyo maana seli za paka mnene huacha kuitikia insulini ipasavyo hadi akaingia kwenye kisukari. Habari njema ni kwamba nafuu haingoji mwisho wa safari. Kwa mbwa wanene wanaochechemea kwa sababu ya viungo, utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kuchechemea kunaanza kupungua wakishapoteza kama asilimia 6 ya uzito.

Mikono kwanza, macho baadaye

Manyoya hudanganya. Mwekee mnyama vidole bapa ubavuni, bila kukandamiza, uvipitishe juu ya mbavu. Kisha pitisha kidole juu ya mkono wako mwenyewe. Mbavu zikihisika kama mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, yuko sawa. Zikiwa kali kama vifundo vya ngumi, amekonda. Ikibidi ubonyeze ndipo uzipate, kama unavyotafuta mifupa upande wa ndani wa kiganja, amenenepa. Baada ya hapo mtazame kutoka juu akiwa amesimama: kiuno kinapaswa kuonekana nyuma ya mbavu. Mtazame pia kutoka ubavuni: tumbo linapaswa kupanda kuelekea miguu ya nyuma.

Kwa paka kuna mtego mmoja. Wengi wana ngozi inayoning'inia chini ya tumbo karibu na miguu ya nyuma, na hata paka mwembamba anaweza kuwa nayo. Usimhukumu kwa ngozi hiyo; rudi kwenye mbavu. Mnyama mzee naye mpapase misuli ya mapaja, mabega na kandokando ya uti wa mgongo. Anaweza kuwa na mafuta mengi tumboni huku misuli imesinyaa mgongoni, na mnyama wa namna hiyo anahitaji mpango wa uangalifu zaidi, hasa upande wa protini.

Kwenye kile kipimo cha alama 1 hadi 9, alama 5 ndiyo ya kawaida. Kwa mbwa 4 pia inakubalika. Kila alama inayozidi 5 huhesabiwa kuwa uzito wa ziada wa asilimia 10 hadi 15. Mimi huanza na 10, kwa kuwa lengo la karibu likifikiwa unaweza kulisogeza mbele.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mbwa wa kilo 36 mwenye alama 8. Amezidi alama tatu, kwa hiyo ana takriban asilimia 30 juu ya uzito wake. Gawanya 36 kwa 1.3, unapata kilo 28 kasoro kidogo. Tuseme 28.

Nishati ya mwili uliopumzika hukadiriwa hivi: 70 zidisha kwa uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Kikokotoo cha kawaida cha simu kinaweza. Zidisha uzito kwa wenyewe mara tatu (28 × 28 × 28 = 21,952), bonyeza kipeuo cha pili mara mbili (utaona 12.17), zidisha kwa 70. Jibu ni kilokalori 852 kwa siku. Kwa mbwa anayepunguzwa, hicho ndicho kiwango cha kuanzia. Kwa paka unazidisha tena kwa 0.8.

Kosa linaloharibu mipango mingi liko hapa hapa: mtu anaingiza uzito wa sasa badala ya uzito unaolengwa. Mbwa huyu akihesabiwa kwa kilo 36 atapewa kilokalori 1,029, yaani 177 za ziada kila siku. Hapo anahudumiwa ili abaki mnene.

Sasa toa asilimia 10 kwa ajili ya vitafunwa. Zinabaki kilokalori 767 za chakula chenyewe. Chakula kikavu kingi kina kati ya 350 na 400 kwa gramu 100, cha kopo kati ya 80 na 120, lakini usikisie, soma mfuko. Usipoona kcal (kilokalori), hesabu kwa viambato: kila gramu ya protini ni 3.5, ya mafuta 8.5, ya wanga 3.5. Wanga kwa kawaida hauandikwi, hivyo unaupata kwa kutoa vingine vyote kwenye 100. Mathalani protini 25, mafuta 14, nyuzinyuzi 3, majivu (yaani madini) 7 na unyevu 10: wanga ni 41. Nishati inakuwa 87.5 + 119 + 143.5, sawa na 350. Mbwa wetu basi anapata gramu 219 kwa siku, tuseme milo miwili ya gramu 110.

Paka wa kilo 6.5 mwenye alama 8 hulenga kilo 5. Kwa njia ileile tunapata 234, mara 0.8 ni kilokalori 187. Hata zikitumika zote kwenye chakula kikavu kile kile bila kitafunwa chochote, ni gramu 53 tu kwa siku nzima. Gramu 10 zikizidi, umeongeza karibu moja ya tano ya posho yake. Kwa paka, kosa dogo la kipimo ndilo tofauti kati ya kupungua na kuongezeka.

Kikombe hakipimi

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, waliwapa wenye mbwa vifaa vya ujazo wapime chakula kikavu. Makosa yalianzia upungufu wa asilimia 48 hadi ziada ya asilimia 152, na kadiri kiasi kilivyokuwa kidogo ndivyo kosa lilivyokua. Kinachopimwa kwa ujazo hubadilika kwa ukubwa wa punje, kwa jinsi mkono ulivyotikisa kikombe, na kwa jinsi ulivyokijaza. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja humaliza tatizo hilo. Pima posho ya siku nzima asubuhi, iweke kwenye chombo kimoja, na kila mtu wa nyumbani achote humo tu. Chombo kikiisha, siku imekwisha. Utaratibu huo pia unazuia mnyama kulishwa mara mbili na watu wawili wasioambiana.

Vitafunwa ndipo posho inapovujia. Kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga kina takriban kilokalori 95, nyingi kuliko posho nzima ya vitafunwa ya mbwa wetu wa kilo 28. Na kikiwa kimetiwa utamu wa zailitoli, ni sumu kwake. Kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia ni kama kilokalori 40, zaidi ya moja ya tano ya chakula cha paka yule. Kipande cha jibini kinachofichia kidonge nacho huhesabiwa. Mbwa anayependa kupewa kitu mkononi apewe punje kutoka kwenye chombo chake, au tango na maharagwe machanga ya kijani yaliyochemshwa bila chumvi. Zabibu na vitunguu visiguswe. Ni sumu kwa mbwa, na vitunguu ni sumu kwa paka pia.

Je, uendelee na chakula kilekile ukipunguza tu? Kwa aliyezidi kidogo, ndiyo. Kwa aliyezidi sana, sishauri. Chakula cha kawaida kimetengenezwa kwa kudhani mnyama atakula kiasi cha kawaida. Ukipunguza theluthi ya kalori umepunguza pia theluthi ya protini, vitamini na madini, na mwili utaanza kula misuli. Vyakula vya tiba vya kupunguza uzito huwa na protini na madini zaidi kwa kila kilokalori, pamoja na nyuzinyuzi zinazojaza tumbo. Uchunguzi wa daktari pia usirukwe. Thairoidi dhaifu, ugonjwa wa Cushing (homoni ya kotisoli kuzidi mwilini), dawa za steroidi au fenobabitali (dawa ya kifafa), hata mimba au maji tumboni, vyote huweza kumfanya mnyama aonekane amenenepa kupita kiasi, na hakuna mizani itakayoviondoa.

Paka hafungishwi

Hili nalisisitiza kwa sababu linaua. Paka mnene akiacha kula, mwili wake humwaga mafuta kwenda kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuyatumia wala kuyasafirisha. Mafuta hujaa ndani ya seli, ini likashindwa kufanya kazi. Dalili ni kutapika, kutokwa mate, kulegea, na rangi ya njano kwenye ufizi, macho au ndani ya masikio. Paka mnene asiyekula kwa siku mbili apelekwe kwa daktari bila kusubiri manjano. Kwa hiyo usiseme "akiona njaa atakula" unapombadilishia chakula. Changanya kipya na cha zamani kwa siku 7 hadi 10, zaidi akiwa mgumu, na upime anachobakiza. Kasi yake iwe asilimia 0.5 hadi 1 kwa wiki. Kwa mbwa 1 hadi 2.

Paka anayechomwa insulini asianzishiwe mpango huu nyumbani. Uzito ukishuka, mahitaji ya insulini hushuka nayo, na dozi ya jana inaweza kuporomosha sukari yake hadi akapoteza fahamu.

Njaa ya kweli

Wapo wanyama ambao mwili wenyewe unawasukuma. Baada ya kuhasiwa au kutolewa kizazi, mahitaji ya nishati hushuka huku hamu ya kula ikipanda, na kwa paka hamu hiyo huonekana ndani ya siku chache. Posho ipangwe upya tangu wiki ya upasuaji, si mwaka mmoja baadaye. Kwa Labrador, mwaka 2016 timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilieleza upungufu wa herufi 14 za DNA katika jeni iitwayo POMC, unaobebwa na karibu mmoja kati ya wanne. Utafiti wa 2024 ukaongeza kwamba wanaoubeba huhisi njaa zaidi kati ya milo na pia hutumia nishati pungufu wakiwa wamepumzika. Mwenye mbwa kama huyo hastahili kuaibishwa. Anahitaji posho inayopimwa kwa ukali zaidi, milo midogo mitatu au minne, na chombo cha chemshabongo kinachochelewesha kula.

Mazoezi hulinda misuli na kumchangamsha mnyama, lakini peke yake hayapunguzi uzito wa maana. Usimkimbize mbwa mnene; mwenye uso bapa anaweza kuzidiwa na joto kwa matembezi ya dakika chache tu.

Kupima na kurekebisha

Pima kila wiki mbili, kwa mizani ileile, kabla ya mlo. Mbwa wa kilo 36 anapaswa kupoteza gramu 360 hadi 720 kwa wiki mwanzoni. Akienda kwa asilimia 1, atafika kilo 28 baada ya miezi sita hivi. Paka anahitaji mizani ya watoto wachanga: asilimia 1 ya kilo 6.5 ni gramu 65, na mizani ya bafuni inayoruka kwa gramu 100 haiwezi kuiona.

Uzito ukisimama kwa vipimo viwili, kagua kwanza uvujaji, kisha punguza posho kwa asilimia 10. Kusimama huku ni kwa kawaida: mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Akipungua kwa zaidi ya asilimia 2 kwa wiki, ongeza.

Akifika, usirudi kwenye posho ya zamani. Katika mbwa waliofuatiliwa baada ya kupungua, karibu nusu walinenepa tena, na kiasi kilichowatosha kubaki pale walipo kilizidi kile cha kupungua kwa takriban asilimia 10 tu. Ongeza kwa hatua za asilimia 5 hadi 10, ukipima kila baada ya wiki mbili hadi uzito utulie, kisha pima kila mwezi. Mbwa wetu akifika kilo 29.4, yaani asilimia 5 juu ya lengo, anarudi siku hiyo hiyo kwenye gramu 219.