Je, wajua? Kwa nini wazazi Zanzibar huvutana juu ya somo la balehe ambalo watoto wao wameshalisoma chuoni

Alasiri, katika vyuo vingi vya Kurani vya Unguja na Pemba, watoto husoma Safina. Kitabu hicho kidogo cha fiqhi ya Kishafi, alichokiandika Salim bin Sumeir wa Hadhramaut katika karne ya 19, hakizunguki. Kikishataja nguzo za Uislamu na za imani na maana ya shahada, kinaingia katika alama za balehe: kutimiza miaka 15, kuota na kutokwa na manii, na kwa msichana hedhi, ambayo yaweza kuanza tangu miaka tisa. Mbele kidogo yako mambo sita yanayowajibisha kuoga janaba, na la kwanza ni kuingiliana kwa mume na mke. Kisha hedhi yenyewe: uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, aghlabu siku sita au saba, na wingi wake siku 15. Mtoto wa miaka kumi au kumi na moja huyahifadhi haya kwa sauti, na mzazi wake hufurahi kuwa mwanawe anasoma.

Mtoto huyohuyo asubuhi yuko skuli. Mwalimu akitangaza kuwa kutafundishwa mabadiliko ya mwili wakati wa balehe, kuna wazazi watakaokwenda kwa mwalimu mkuu kulalamika, na wengine watakaokwenda kuunga mkono. Kwa nini?

Jibu la haraka, hasa kwa wageni wanaokuja visiwani na miradi, ni kwamba dini na mila haziruhusu mambo haya kutajwa. Jibu la haraka la upande wa pili, linalosikika sana barazani, ni kwamba mambo haya yameletwa na Wazungu na wazee wetu hawakuwa nayo. Wenye majibu haya mawili hawapatani kwa lolote, ila wote wanaamini kwamba Mswahili wa zamani alimwacha mwanawe ajue mwenyewe. Hapo ndipo wote wanapokosea.

Tuanze na dini. Katika hadithi iliyomo Bukhari na Muslim, Ummu Sulaim alimwendea Mtume (S.A.W.) akasema kwanza kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, kisha akauliza kama mwanamke naye huoga akiota. Akajibiwa waziwazi: ndiyo, akiona maji. Bibi Aisha naye aliwasifu wanawake wa Ansari, wenyeji wa Madina, kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Sura An-Nur, aya ya 58, inaamrisha hata watoto wasiofika balehe wabishe hodi nyakati tatu za siku, wakubwa wanapokuwa wamevua nguo. Hapo pana mafunzo ya faragha ya mwili yanayomlenga mtoto kabla hajabalehe, na yamo katika Msahafu.

Mila nayo haikunyamaza. Msichana akivunja ungo alikuwa akikabidhiwa somo, au kungwi, akafundishwa kujisitiri, kuoga, kukaa na watu na, wakati ukifika, kukaa na mume. Baada ya utumwa kufutwa Zanzibar mwaka 1897, ngoma za unyago zilizotoka bara ziliendelea kuchezwa na wanawake wa asili mbalimbali wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini wanawake wengi wa Unguja walimjua kwa unyago kwanza. Nyimbo zake za unyagoni zilisema mambo ambayo mwalimu wa skuli leo angeogopa kuyaandika ubaoni.

Sasa kama dini ilisema na mila ikasema, ugomvi unatoka wapi? Unatoka katika mpango wa nani amwambie nani. Ni mpango wenye ufundi mkubwa, na ndio sehemu inayonivutia zaidi katika habari hii yote.

Fikiria nyumba ya Kiswahili. Nje kuna baraza, anapokaa yeyote apitaye. Ukivuka mlango kuna daka, kisha ukumbi, kisha vyumba vya ndani, na nyuma ua wa wanawake. Hakuna mazungumzo yaliyokatazwa katika nyumba hiyo. Bei ya karafuu husemwa barazani, posa husemwa ukumbini, ugonjwa wa mwanamke husemwa uani. Mgeni akikaa barazani kutwa nzima bila kusikia neno juu ya uzazi, asije akadhani nyumba hiyo haizungumzii uzazi. Na mtu wa nyumbani akilipeleka barazani neno la uani, watu watainamisha vichwa hata kama kila mmoja wao analijua neno lenyewe. Wanachokionea uchungu ni kwamba limesemwa pasipo mahali pake.

Elimu ya balehe ilikuwa na chumba chake, na aliyekuwa na ufunguo hakuwa mama. Mama na binti huoneana haya, na baba na mwana zaidi. Haya hiyo ndiyo inayolinda heshima baina yao, kwa hiyo wazee hawakutaka kuivunja; walimpa kazi mtu mwingine. Bibi anafaa kwa sababu baina yake na mjukuu pana utani: anamwita "mke mwenzangu" na hakuna anayeshangaa. Somo anafaa kwa sababu amechaguliwa kwa kazi hiyo. Mwalimu wa chuo anafaa kwa namna nyingine, kwa kuwa maneno si yake, ni ya kitabu, na kila tendo analolitaja limefuatana na hukumu yake: hili wajibu, hili haramu, hili ukilifanya oga hivi.

Skuli imelichukua neno la ndani ikaliweka barazani. Darasa lina wavulana na wasichana pamoja. Pengine mwalimu ni kijana wa kiume anayewafundisha watoto wa jirani yake. Na kitabu kinaeleza mwili bila kutaja hukumu, kwa sababu sayansi haitoi hukumu. Mzazi anayelalamika aghlabu anayasikia haya matatu kwa pamoja, ila analolitamka ni moja tu: "Wanawafundisha watoto uchafu." Mwalimu naye husikia neno hilo moja akajibu kwamba elimu si uchafu. Hawajakutana bado.

Historia ya karibuni nitaipitia upesi. Elimu ya skuli si jambo la Muungano, kwa hiyo mitaala ya visiwani iko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa 1927, na tangu wakati huo wazazi waliuliza binti atafundishwa nini na nani. UNESCO ilitoa mwongozo wake wa elimu ya jinsia 2009 na kuurekebisha 2018. Desemba 2013, huko Cape Town, mawaziri wa elimu na afya wa Mashariki na Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, waliahidi kuwapa vijana elimu hiyo. Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 vya watoto mashuleni kwa kuvunja maadili, na picha za kurasa zake zikasambaa simuni hadi visiwani. Wazazi ambao hawakuwahi kuuliza kitabu cha mtoto kina nini wakaanza kuuliza. Kuuliza huko ni haki yao.

Je, kufundishwa huwasukuma vijana kuanza mapema? Hofu hiyo ndiyo kubwa, na mapitio ya tafiti yaliyofanywa kwa ajili ya UNESCO hayakuikuta kuwa kweli: programu nyingine zilichelewesha vijana kuanza, nyingine hazikubadili kitu. Lakini nisiupe ushahidi huo uzito usiokuwa wake. Jamii zilizochunguzwa hazifanani na Micheweni ya Pemba au Makunduchi ya Unguja, na mtoto ambaye tayari amesoma Safina si sawa na mtoto ambaye hajasikia lolote.

Lililo wazi zaidi ni kwamba chumba cha ndani chenyewe kimefungwa. Zamani msichana alivunja ungo, akafundwa, na ndoa haikukawia. Siku hizi anavunja ungo akiwa darasani, anaendelea na sekondari, pengine na chuo kikuu, na somo anaitwa siku chache kabla ya harusi. Baina ya balehe na ndoa kuna miaka kumi au zaidi ambayo mpango wa wazee haukuitengea mtu. Bibi yuko shamba na mjukuu yuko mjini na simu. Zanzibar iliona matokeo yake, na tangu 2010 imemruhusu msichana aliyepata mimba kurudi skuli baada ya kujifungua, miaka zaidi ya kumi kabla ya bara kufanya hivyo mwishoni mwa 2021.

Kwa hiyo wazazi wenyewe hawako kambi mbili. Niwasikiapo, wengi wanakubali hedhi na usafi, ikiwa wasichana watakuwa peke yao na mwalimu wa kike. Wengi wanakubali pia mtoto afundishwe sehemu zake za siri asishikwe na mtu, kwa kuwa kila mmoja amesikia kesi za udhalilishaji, na Serikali iliunda mahakama maalumu za kesi hizo mwaka 2021. Mvutano halisi unaanzia kwenye uzazi wa mpango kwa asiyeolewa na kwenye mada za jinsia. Hapo mwenye kuona kwamba kulitaja jambo ni kulihalalisha hatakubaliana na mwenye kuona kwamba kulinyamazia ni kumtelekeza mtoto. Kubadilisha chumba hakutatatua hilo, na mwalimu asimwahidi mzazi kwamba kutatatua.

Linalonisikitisha ni kwamba katika mikutano hii yote watu humzungumzia msichana. Mvulana wa Zanzibar siku hizi hutahiriwa mdogo, hospitali, bila kumbi la jando wala mafunzo, na hakuna somo anayeitwa kwa ajili yake hata wiki ya harusi. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa 2009 ulionesha kuwa Zanzibar, kinyume na bara, wavulana ndio waliotaja zaidi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18: karibu mmoja katika kumi, na wasichana karibu mmoja katika ishirini. Huenda wasichana wengi walinyamaza kwa aibu, maana hizi ni hesabu za waliokubali kusema. Hata hivyo wavulana hao walisema, na kamati za skuli bado hazijaitwa kwa ajili yao.