Je, wajua kwa nini tetemeko hupiga mara mbili?

Watu wengi waliokutwa na tetemeko wanasimulia kitu kinachofanana. Kwanza unakuja mshtuko mmoja mfupi, madirisha yanalia, vyombo vinagongana kidogo, halafu kama kunatulia hivi, watu wanaanza kuulizana "umesikia hiyo?" na kabla hata mtu hajajibu nyumba nzima inaanza kuyumba kwelikweli. Wengi hudhani hayo ni matetemeko mawili, dogo limetangulia na kubwa limefuata. Mara nyingi sio hivyo. Ni tetemeko moja tu, limeanza sekunde moja na mahali pamoja, ila limekufikia kwa njia mbili tofauti, moja ina mbio na nyingine inajivuta nyuma. Na zile sekunde za katikati, hizo hizo ambazo watu wanaulizana, mimi naziona ni kati ya vitu vizuri kabisa sayansi imewahi kuvitumia.

Tuanzie huko chini. Ganda la dunia limegawanyika kwenye mabamba makubwa yanayosogea sentimita chache tu kwa mwaka, karibu sawa na kasi ya ukucha kuota. Shida ni kwamba pale yanapokutana, kwenye nyufa, miamba imeng'ang'aniana, haitelezi, kwa hiyo inapindika polepole kama fimbo mtu anayoikunja, miaka inaenda, karne zinaenda, mpaka siku inazidiwa na kufyatuka. Aliyelieleza hili vizuri ni mwanasayansi wa Marekani, Harry Fielding Reid, baada ya tetemeko la San Francisco la 1906, ambako uzio uliokuwa umenyooka kabla ulikutwa umekatika, na vipande vyake vimepishana zaidi ya mita 2. Ule mfyatuko ndo unaotoa mawimbi kila upande.

Wimbi la kwanza linaitwa P. Fikiria watu wamebanana kwenye foleni ndefu, wa nyuma kabisa akisukuma, msukumo unapita mtu kwa mtu mpaka mbele ingawa hakuna aliyehama nafasi yake, kila mmoja kasogea kidogo na kurudi. Ndivyo P anavyopita kwenye mwamba, anabana na kuachia, anabana na kuachia, na kwenye ganda la dunia anakwenda kama kilomita 6 kwa sekunde. La pili ni S. Hili ni kama kamba umeifunga mtini ukaitikisa, wimbi linaenda mbele lakini kamba yenyewe inacheza pembeni. S anaenda kama kilomita 3.5 kwa sekunde, yaani anachelewa, lakini akifika anaisukuma nyumba kwa ubavu, na nyumba nyingi zimejengwa kubeba uzito wa kwenda chini, kusukumwa ubavuni ni habari nyingine kabisa. Nyuma ya hao kuna mawimbi ya juu ya ardhi, yanayoitwa ya Love na ya Rayleigh, hayo ni ya polepole zaidi na kwa mtu aliye mbali mara nyingi ndo yanayotikisa kuliko yote.

Sasa hesabu yake ni rahisi mno. Kwa vile wote wawili wameanza pamoja na mmoja ana mbio kuliko mwingine, kadiri njia inavyokuwa ndefu ndivyo wanavyoachana. Hesabu sekunde kati ya P na S, zidisha kwa 8, unapata takriban kilomita ngapi tetemeko lilipotokea. Sekunde 10 ni kama kilomita 80. Ni ile ile ya kuona radi ndo usikie ngurumo. Stesheni moja ya kupimia matetemeko inajua umbali lakini haijui upande, kwa hiyo inachora duara kwenye ramani, stesheni ya pili inachora lake, ya tatu lake, pale yanapokutana ndo kitovu. Leo kompyuta zinatumia stesheni nyingi kwa pamoja lakini wazo lenyewe ni hilo.

Halafu kuna hili ambalo linanishangaza kila nikilifikiria. Shimo refu kuliko yote ambayo binadamu wamewahi kuchimba kwenda chini ni lile la Kola kule Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989. Kutoka hapa juu mpaka katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Yaani hatujatoboa hata ganda likaisha. Kwa hiyo tumejuaje kwamba huko katikati kuna chuma kilichoyeyuka?

Jibu ni kwamba S alipotea.

Mwaka 1889 mwanasayansi Ernst von Rebeur-Paschwitz akiwa Ujerumani alikuta mashine zake zimeandika mtikisiko wa tetemeko lililotokea Japani, na hapo watu wakaelewa kwamba mawimbi yanaweza kukatisha ndani ya dunia mpaka upande mwingine. Richard Dixon Oldham akaja kuzitenganisha P na S kwenye michoro ya mashine, na mwaka 1906 akaonyesha kwamba dunia lazima ina kiini, maana mawimbi yaliyopita ndani sana yalikuwa yanachelewa kuliko inavyotakiwa. Beno Gutenberg akapima kiini hicho kinaanzia kina cha kama kilomita 2,900. Sasa ukikaa mbali na tetemeko, zaidi ya kama kilomita 11,500 ukipima juu ya uso wa dunia, S anayekuja moja kwa moja haonekani kabisa. Stesheni ziko sawa, mashine ni nzima, P wa kupenya kwenye kiini anafika huko mbali, S hayupo.

Kwa nini? Rudi kwenye kamba. Ili S apite, kipande kimoja kikienda pembeni lazima kimvute jirani yake aende naye, na jirani amrudishe. Mwamba unaweza hilo, umeshikana. Maji hayawezi. Pitisha kiganja juu ya maji, yanateleza tu, hayashikani kukuvuta. Lakini maji unaweza kuyabana, ndo maana ukizama chini ya maji bado unasikia sauti, na sauti ni ndugu yake P. Kwa hiyo kitu kinachompitisha P na kumkataa S ni kimiminika. Mwaka 1926 Harold Jeffreys akalisema hilo wazi, kwamba kiini ni cha majimaji.

Ila ikabaki kitendawili. P akiingia kwenye kiini kasi yake inashuka ghafla, kutoka zaidi ya kilomita 13 kwa sekunde hadi kama 8, na wimbi likibadili kasi linapinda, kama mwanga unavyopinda ukiingia kwenye maji. Huko kupinda kunaacha ukanda wa kivuli, kati ya kilomita 11,500 hivi na 15,500 kutoka kwenye tetemeko, ambako P wa kawaida hatakiwi kufika. Lakini tetemeko la New Zealand la 1929 lilileta vimawimbi vidogo ndani ya kivuli hicho hicho. Wengine waliviona wakavipa maelezo mengine. Mwanamke mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, hakuridhika. Akakaa na michoro ya stesheni, akapiga hesabu bila kompyuta, na mwaka 1936 akatoa makala ambayo kichwa chake ni P′ tu, alama ya P aliyepita kwenye kiini, akasema ndani ya kiini kuna kiini kingine, na mawimbi yanapogonga huko yanarudishwa mpaka kwenye kivuli. Baadaye ikakubalika kwamba hicho cha ndani ni kigumu, mgandamizo ni mkubwa mno mpaka chuma kinashindwa kuyeyuka pamoja na joto lote lile. Upana wake kutoka katikati ni kama kilomita 1,220. Lehmann aliishi miaka 104, na alichokigundua ni kitu ambacho hakuna jicho litakalokiona.

Turudi juu, maana zile sekunde zinaokoa watu pia. Umeme na redio vina mbio kuliko wimbi lolote la ardhini, kwa hiyo mashine iliyo karibu na ufa ikimsikia P, inaweza kutuma onyo kabla S hajafika mjini. Japani wanatangaza onyo hilo kwa nchi nzima tangu 2007, na tetemeko la Machi 2011 lilipotokea treni za kasi zilipigwa breki zikiwa njiani, hakuna hata moja yenye abiria iliyotoka relini.

Mexico walilipia somo hili kwa machungu. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani, zaidi ya kilomita 350 kutoka jiji kuu, umbali ambao kwa kawaida mawimbi yangekuwa yameshachoka. Lakini jiji lile limekaa juu ya tope la ziwa la kale, na tope laini likipata mtikisiko linaukuza, tena linapenda mapigo ya kama sekunde 2. Na majengo ya ghorofa 6 mpaka 15 hivi nayo yanayumba kwa mapigo hayo hayo, ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila akirudi. Ya chini yakasimama, marefu zaidi mengi yakasimama, ya katikati ndo yakaanguka, na maelfu wakafa.

Wakaweka mtambo wa kuonya kuanzia 1991, mashine pwani, ving'ora mjini, na kwa tetemeko la pwani wakazi wanapata hata dakika nzima ya kutoka nje. Halafu ikaja 19 Septemba 2017, tarehe ile ile. Saa tano asubuhi jiji lilifanya zoezi la kumbukumbu, ving'ora vikalia, watu wakatoka, wakarudi ndani. Saa saba na dakika 14 mchana likapiga la kweli, ukubwa 7.1, ila safari hii halikutoka pwani, lilikuwa kilomita 120 hivi tu. Zidisha kinyume, gawa kwa 8, ni sekunde 15 kati ya P na S. Ving'ora vya kweli vililia wakati ardhi imeshaanza kucheza chini ya miguu yao.