Mkojo wa paka dume unapoziba: pesa chache zianzie wapi

Wengi wa wenye paka wanaonipigia simu mimi daktari wa wanyama hapa Kampala huanza kwa kuuliza bei ya upasuaji, nami huwarudishia swali: amekojoa lini mara ya mwisho? Sikwepi kutaja bei. Paka dume ambaye mrija wake wa mkojo umeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, na figo huanza kuumia mapema kuliko hapo. Kwa hiyo shilingi za kwanza kupatikana haziendi kwenye kisu, bali kwenye kuufungua mkojo. Upasuaji huja baadaye ukihitajika, na mara nyingi hauhitajiki.

Paka wa namna hii huchuchumaa tena na tena, hujikamua, hulia, na pasitoke kitu au vikatoka vitone vyenye damu. Wengi hudhani ni choo kigumu, wakamnywesha mafuta ya kupikia. Ukimpapasa tumboni unakuta kibofu kimejaa na kukaza kama embe bichi. Wakati huo takataka ambazo mkojo ungezitoa zinabaki katika damu, potasiamu inapanda, na moyo unaanza kupiga polepole. Paka aliyefikia hapo akipewa nusukaputi kabla damu haijarekebishwa anaweza kufia mezani hata mikononi mwa mpasuaji hodari. Ndiyo sababu siondoi dripu kwenye bili, wala sindano ya kalsiamu inayoulinda moyo, hata mteja akinisihi vipi.

Mama mmoja mshona nguo alimleta paka wake kwa bodaboda, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa leso, akiwa na pesa alizokopa kwenye kikundi chake cha akiba. Alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba hakuna dawa ila kupasua, na kiasi alichotajiwa kilimzidi mbali. Akazimimina noti mezani. “Daktari, nina hizi tu.” Nikamwambia, “Mama, kwa leo zinatosha kuanza.” Tulimwekea paka dripu, tukampa dawa ya usingizi kwa kipimo kidogo, tukapitisha mpira mwembamba wa mkojo, kilichokuwa kimeziba kilikuwa kijibonge cheupe cha ute na chembechembe za madini, kidogo kuliko punje ya mchele. Pesa zilizobaki ziligharimia kumlaza kliniki, kwa sababu paka aliyefunguliwa hukojoa sana, na asipoongezewa maji hudhoofika upya.

Upasuaji wenyewe ni kwa paka anayeziba mara kwa mara, au ambaye mpira umekataa kupita. Tunaondoa sehemu nyembamba ya mwisho wa mrija na kufungua tundu pana zaidi chini ya mkia. Wateja hushangaa kwamba mnyama mdogo hivi anadaiwa pesa nyingi, na mshangao huo una haki yake. Lakini chupa ya propofol (dawa ya nusukaputi) ya aina isiyo na kihifadhi, kwa mfano, ikishafunguliwa haihifadhiki hadi kesho, kwa hiyo paka aliyetumia mililita chache huenda akalipia chupa nzima. Uzi mwembamba wa kushonea nao hufunguliwa kwa mgonjwa mmoja. Ongeza kipimo cha damu, picha ya kutafuta mawe, dawa ya maumivu na siku za uangalizi, utaona kwamba mkono wa daktari ni sehemu tu ya hesabu.

Pa kupunguzia papo. Kola ya kumzuia asijilambe inaweza kukatwa kutoka kwenye filamu ya eksirei iliyotumika. Antibayotiki si lazima kwa kila paka, kwani katika paka vijana mkojo ulioziba mara nyingi hauna bakteria; ukiandikiwa, uliza sababu. Ulizia bei pia kwenye kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ila usipunguze gharama kwa kumpa Panadol ya nyumbani: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka.

Kuhusu malipo, taja uwezo wako mwanzoni, kabla ya vipimo. Nikijua kiasi kilichopo nitapanga matibabu kwa hatua, na sehemu ya deni tutaiandikia tarehe za kulipwa kwa simu. Aliye kimya huishia kulipia vipimo vizuri na kukosa pesa za dripu. Na pale ambapo hakuna hata za kufungua mkojo, naona ni uungwana kumlaza paka usingizi wa mwisho kwa sindano kuliko kumrudisha nyumbani kibofu kimejaa. Simhesabu mwenye kuamua hivyo kuwa hakumpenda.

Jambo moja ambalo bili haionyeshi ni kwamba upasuaji hupanua njia tu, haukomeshi chembechembe kuundwa, na baada yake maambukizi ya mkojo huwa rahisi zaidi. Kinachosaidia ni maji. Mukene (dagaa) mkavu na posho (ugali), chakula cha paka wengi wa mjini, uloweke vizuri au uupike kwa maji mengi umpe pamoja na supu yake, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.