Jino lililomeguka si lazima lisagwe

Wengi bado wanaamini kwamba jino la mbele likimeguka kidogo, daktari lazima alisage lote na kulivisha kofia, au aling'oe. Sivyo. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Rochester nchini Marekani, alionyesha kwamba asidi ya fosfori huikwaruza enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, kiasi cha plastiki kuweza kushika. Leo daktari hupaka asidi hiyo kwa sekunde 15 hadi 30, huisuuza, hupaka gundi, kisha hujenga sehemu iliyomeguka kwa rezini, aina ya plastiki yenye rangi ya jino, na kuigandisha kwa mwanga wa buluu. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Ila rezini hushika madoa ya chai, na dawa ya kung'arisha meno haiibadilishi rangi. Anayetaka kung'arisha meno afanye hivyo kwanza, kabla ya kujengewa jino. Mtafuna kucha, naye, anaweza kuimegua rezini hiyo.