Inflamesheni na dimenshia: wanayosema watu na ukweli wenyewe

Siku hizi kila mtu anakwambia dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, inaletwa na inflamesheni, yaani uvimbe au mwasho wa ndani ya mwili, ukiimaliza inflamesheni basi ubongo uko salama. Hiyo si kweli, na inaniuma kwa sababu kuna watu wanawanunulia wazazi wao vidonge kwa kuamini maneno kama hayo.

Tuanze na hiyo ya kwamba inflamesheni ni adui tu. Inflamesheni ni kinga ya mwili ikiwa kazini, na kwenye ubongo kuna seli zake zinaitwa maikroglia, zinazunguka zinasafisha mabaki na kuua vijidudu, hata ile protini ya amiloidi inayorundikana kwenye ugonjwa wa Alzheimer, aina ya dimenshia inayoonekana zaidi, zenyewe ndo zinaizingira. Shida inakuja zikikaa kwenye hali ya mapambano miaka na miaka, zinaanza kumwaga kemikali zinazoumiza mpaka seli za neva zenye afya na kula viunganishi vya neva hizo. Sasa angalia hii: kuna jeni (kipande cha urithi tunachopata kwa wazazi) inaitwa TREM2, inazisaidia maikroglia kufanya kazi, na kwenye 2012 ikajulikana kwamba wenye aina fulani ya jeni hiyo ikiwa na hitilafu hatari yao ya Alzheimer inapanda mara kadhaa. Yaani kinga ikilegea nayo ni tatizo, kwa hiyo ukisema tuizime tu unakosea.

Halafu wanasema basi meza dawa za maumivu kila siku, ibuprofeni na wenzake. Wazo lenyewe halikutoka hewani, watafiti waliona watu wanaotumia sana dawa hizi, kama wagonjwa wa baridi yabisi, wanapata Alzheimer kidogo kuliko wengine, ndo wakafanya jaribio Marekani liitwalo ADAPT, wakawapa naproxen au celecoxib, dawa za kundi hilo hilo, watu wa miaka 70 na zaidi wenye ndugu aliyeugua. Desemba 2004 dawa zikasitishwa kwa hofu kwamba zinaumiza moyo, na kinga dhidi ya dimenshia haikuonekana. Ukimeza kila siku bila daktari unaweza kupata vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, figo nazo zinaumia, na kwa mzee hatari ni kubwa zaidi.

Vidonge vya bizari ya manjano, kile kiungo cha mchuzi, ni hivyo hivyo, vimejaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer na faida ya wazi haijaonekana.

Wengine wamekata tamaa kabisa, eti ni uzee hakuna la kufanya. Ripoti ya jopo la jarida la kitabibu la Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14, presha, kisukari, sigara, kutosikia vizuri, upweke na mengine, ikakadiria kwamba yakishughulikiwa yote karibu asilimia 45 ya dimenshia ingezuilika au kucheleweshwa. Kadhaa kati ya hayo, kama sigara, kisukari na unene, yanaendana na inflamesheni ya chini chini ya muda mrefu. Na kule Wales utafiti uliotoka 2025 ulikuta wazee waliochanjwa mkanda wa jeshi walipata dimenshia pungufu kwa kama asilimia 20 ndani ya miaka 7, sababu yake bado inachunguzwa.

Ila linaloniumiza zaidi ni hili. Mzee alikuwa sawa, ghafla ndani ya siku moja mbili anaweweseka, hajui yuko wapi, au analala lala tu, watu wanasema dimenshia imeanza. Dimenshia kwa kawaida inakuja taratibu. Ghafla vile mara nyingi ni diliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, na chanzo kinaweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo (yutiai), upungufu wa maji au dawa mpya, kemikali za inflamesheni zinatoka mwilini zinauvuruga ubongo hata kama vijidudu vyenyewe havijafika huko. Na mwenye dimenshia tayari anaipata kirahisi zaidi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, mwambie daktari ilianza lini na alikuwaje kabla, na beba dawa zake zote anazotumia.