"Set": neno fupi la Kiingereza lenye maana mia kadhaa

Neno la Kiingereza "set" lina herufi tatu na silabi moja tu, na mtoto hulikuta mapema sana anapoanza kujifunza lugha hiyo. Hata hivyo, toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lililochapishwa mwaka 1989 katika majuzuu 20, lilitaja maana 430 za kitenzi hicho, na maelezo yake peke yake yalichukua maneno yapatayo 60,000. Baadaye, wahariri wa kamusi hiyohiyo walipokipitia upya kitenzi "run" mwaka 2011, walikipatia maana 645, hivyo "set" halishiki tena nafasi ya kwanza. Kwetu tunaofasiri hati za Kiingereza hapa Mtwara, hata hivyo, neno hili linabaki kuwa sumbufu kupita mengi, kwa sababu linajitokeza katika mkataba, katika maelekezo ya dawa ya mikorosho na katika hukumu ya mahakama, na kila mahali linadai neno jingine la Kiswahili.

Ugumu huo hupungua tukilitazama tangu asili yake. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na kitenzi "sittan", yaani kuketi, na kando yake "settan", yaani kumfanya mtu au kitu kiketi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa uhusiano huo, kwa kuwa anao kinywani mwake kila siku: mgeni huketi, na mwenyeji humketisha. "Set" basi ni "ketisha" ya Kiingereza, na maana zake nyingi ni matawi ya wazo moja la kukifanya kitu kikae mahali pake au kifikie hali inayokusudiwa. Kiswahili hakikuliachia neno moja kazi hiyo yote. Kila kinachowekwa kina kitenzi chake.

Wavuvi wa Lindi na Mikindani hutega dema na nyavu, na Mwingereza angetumia "set" kwa vyote viwili. Meza huandaliwa, bei hupangwa, mtihani hutungwa, mfupa uliovunjika huungwa, saa ya kuamshia hutegeshwa, na kito hupachikwa kwenye pete; kote huko Kiingereza kinarudia neno lilelile. Hapo "tega" yetu inastahili kuangaliwa kidogo, maana hututegea mtego, kitendawili na hata sikio, na kwa mbili za mwanzo "set" inakubali bila shida, ila sikio halimo. Tusishangae kuona kitenzi kimoja kinabeba mizigo mingi namna hiyo, kwa kuwa sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha na tunapiga hodi, wala hakuna anayepigwa. Maana ya "piga" hukamilishwa na jina linaloifuata, na "set" ni vivyo hivyo: aliyeulizwa maana yake bila kuambiwa kinachowekwa ni nini hana jibu la kutoa.

Kuna kundi la pili, ambalo kwangu ndilo lenye utamu zaidi, ambamo kitu hakiwekwi na mtu bali hujiweka chenyewe. Jua ni mfano wa kwanza. Mwingereza husema jua "sets", kana kwamba limefika kituoni na kuketi, ilhali sisi twasema linakuchwa au linazama. Huku kwetu jua huchomoza baharini na kuishilia nyuma ya uwanda wa juu wa Makonde, na bado twasema limezama, kwa hiyo ni bure kutafuta ni lugha ipi inayoeleza jambo lilivyo; kila moja imechagua picha yake.

Mfano wa pili ni saruji, bidhaa ambayo Mtwara inaitengeneza kwa wingi. Maelekezo ya Kiingereza husema saruji "sets", na wafasiri wengi huandika kwamba inakauka. Tafsiri hiyo ina kosa, na kosa lake linaweza kumgharimu mtu nyumba. Saruji haigandi kwa kupoteza maji, bali kwa kuungana nayo kikemikali, ndiyo maana zege huweza kushika hata chini ya bahari, na ndiyo maana fundi mwangalifu hulimwagilia maji kwa siku kadhaa baada ya kulimwaga. Jasi, madini ambayo huchimbwa pia Kilwa, husagwa pamoja na saruji kusudi mgando huo usije upesi mno kabla fundi hajamaliza kazi. Anayesoma kwamba zege "linakauka" ataliacha juani akidhani analisaidia. Hapa panafaa "kushika" au "kuganda", na ikiwa maandishi yanazungumzia nguvu ambayo zege huendelea kuipata kwa majuma yanayofuata, hilo ni jambo jingine na lina neno lake, "kukomaa".

Mfano wa tatu unatoka shambani. Wataalamu wa kilimo wakiandika kwa Kiingereza hutumia "set" kwa ua linapogeuka tunda, nasi twasema maua yameshika. Ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu, unaposhambulia maua ya mikorosho, mengi hukauka na kupukutika bila kushika, na mkulima hupulizia salfa ili kuyaokoa. Inapendeza kwamba kitenzi "shika" kimetufaa kwenye zege na kwenye ua, kwa kuwa katika yote mawili kitu kilichokuwa laini au cha kupita kimefikia hali ya kudumu.

"Set" likifuatwa na neno dogo hubadilika tena. David Livingstone alipoondoka Mikindani mwaka 1866 kwa safari yake ya mwisho ya kuingia bara, Mwingereza angesema "set out", yaani kushika njia. Mvua "set in" zinapoingia kwa dalili ya kukaa, kama zinavyotuingia sisi mwishoni mwa mwaka. Chama cha msingi kinapoanzishwa, ni "set up". Lakini "set aside" ndiyo ningependa kila anayefasiri nyaraka aikalie kitako. Mkulima anayeweka kando sehemu ya fedha za korosho kwa ajili ya ada za shule anazitenga. Mahakama Kuu inapofanya "set aside" juu ya uamuzi wa mahakama ya chini, haiutengi, bali inautengua, yaani inauondolea nguvu usiwe kitu tena. Tenga na tengua zinatofautiana kwa irabu moja tu, Kiingereza hakina tofauti yoyote, na mtu aliyeshinda rufaa anaweza kusoma tafsiri mbovu akaamini kwamba uamuzi uliomwonea umewekwa kabatini ukisubiri siku yake.

Mpaka hapa tumezungumzia kitenzi. Jina "set" lenye maana ya kundi la vitu vinavyokwenda pamoja lina ukoo mwingine: lilipitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini "secta", yaani wafuasi, ambalo pia lilizaa neno la Kiingereza la dhehebu. Sauti zilifanana na kitenzi, na maneno mawili yakaishi kama ndugu. Hili la kundi ndilo lililokuja kwetu likawa seti: seti ya vikombe, seti ya sufuria, na katika hisabati seti yenye memba zake, pamoja na seti tupu isiyo na chochote. Katika mpira wa wavu seti ni kipindi kinachochezwa hadi pointi 25, na cha tano hadi 15, lakini katika mchezo huohuo Mwingereza huita "set" pia pigo la kumwinulia mwenzako mpira karibu na wavu ili aupige kwa nguvu, na pigo hilo hatuliiti seti.

Wepesi wa kusema seti ndio unaowaponza wengi. Vitabu vya fasihi ambavyo Kiingereza huviita "set books" si seti ya vitabu, bali ni vitabu teule, maana "set" hapo ni sifa, yaani vilivyokwisha kupangwa na mamlaka kwamba visomwe. Vilevile neno "mindset" linalosikika kila semina halihusiani na seti ya kitu chochote. Ni namna akili ya mtu ilivyokwisha kukaa, na "mtazamo" hulitosheleza.

Vijana wa mafundi simu nao wameliingiza upya kama kitenzi. Simu mpya "husetiwa" lugha, saa na sauti ya mlio, na mteja huelewa mara moja, ijapokuwa ndani ya simu hiyohiyo, akichagua Kiswahili, sehemu anayoelekezwa aifungue imeandikwa "Mipangilio".