Presha haisubiri kichwa kiume

Mtu akishapata kadi ya bima, swali la kwanza huwa: nikapime nini na siumwi? Presha wengi huiruka, kwa imani ya miaka mingi kwamba ikipanda, kichwa kitagonga na shingo itakaza. Sivyo. Kwa walio wengi presha ya juu haina dalili yoyote. Inachakaza moyo, figo na mishipa ya ubongo huku mwenyewe akila ugali wake kama kawaida. Wapo wanaoijua siku ya kiharusi.

Kipimo ni dakika chache, ila kina adabu zake. Kojoa kwanza, maana kibofu kikijaa namba hupanda. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea kiti, usikunje nne, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Na soga na nesi ziache kidogo. Hata kuongea kunapandisha. Ikisoma 140/90 au zaidi, usijitangazie ugonjwa papo hapo. Hurudiwa siku nyingine, kwa sababu kuna watu wakiona koti jeupe la daktari tu presha inaruka.

Sukari nayo si lazima ushinde njaa: kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita, hata kama umekunywa chai.